Kinachochelewa Kupoa

Tusekile alifika na mtungi wa naitrojeni
aliouazima kwa watu wa mifugo, Uyole,
wanaougandishia mbegu za madume.
"Mkiurudisha mtupu," walimwambia, "ng'ombe wa Isyonje
watakaa mwaka mzima bila wachumba."
Tukacheka. Ilikuwa Julai, Loleza umejifunika ukungu hadi magotini,
na chumbani kwetu pumzi zilionekana kabla ya maneno.

Tukamimina polepole.
Yale maji yanachemka kama kande jikoni,
ila ukitia kidole hutakihesabu tena.
Ndani, juu ya kigae cha fuwele, kimelala kipande cheusi,
chembamba kuliko utando wa uji uliopoa.
Kikishikwa na baridi ya kutosha umeme hukipita bila ukinzani,
hupita kama mfiwa anavyokatiza soko la Mwanjelwa:
haitwi, haulizwi bei, hakuna anayemgusa bega.

Lakini hatukitaki huko ndani. Tunakitaka mlangoni,
pale kinapositasita kati ya kupitisha na kukataa,
kwa kuwa hapo, na hapo tu,
joto la kiganja kilicho upande wa pili wa chumba
latosha kukiyumbisha.

Nikainua mkono. Mstari ukapanda kwenye skrini.
Nikaushusha.
Mstari ukashuka kama mgeni anayeaga:
anasimama, anakumbuka neno, anakaa tena.
Tusekile akapita na kikombe cha chai,
mstari ukapanda juu ya mkono wangu ambao haukuwepo.
Kwenye karatasi yeye na mimi na chai tulikuwa mtu mmoja.

Siku tatu tulilaumu nyaya.
Siku ya nne umeme ulikatika, tukapata wa kumlaumu.
Siku ya tano nikakibandua kile kigae
na chini yake nikaiona gundi, nene, imetuna pembeni
kama matope kwenye kisigino.
Niliipaka mwenyewe. Ijumaa ile, saa kumi,
simu ilipokwisha kuita mara mbili kutoka Tukuyu
na mara ya tatu nikapokea, ndugu yangu akasema tu,
"Ambakisye, njoo. Usiulize."
Nikabandika, nikaosha mikono, nikaenda kumzika baba.

Sikumwambia Tusekile. Nilimwambia habari ya gundi.

Akachora kwenye ubao: dumu, na tundu chini yake.
"Joto ukilipa tundu pana litatoka upesi,
lakini hutajua hata kama liliingia.
Ukilipa tundu dogo utalisikia sana,
na utalisikia mpaka uchoke."
Nikamuuliza, sasa tufanyeje?
Akafuta dumu kwa kiwiko cha sweta,
akachora jingine, dogo, kama kizibo.
"Tupunguze mwili. Kisiwe na mahali pa kuweka."

Tukasugua kigae kwa msasa laini, duara juu ya duara,
mpaka vidole vikafa ganzi. Cha kwanza kilivunjika
saa tatu usiku; nilitukana kwa Kinyakyusa,
yeye akajibu kwa Kikinga, tukaanza upya.
Cha pili kilibaki chembamba kama ukucha wa mtoto.
Safari hii gundi niliipaka kwa ncha ya mwiba.

Nikainua mkono, nikaushusha.
Mstari ukapanda, ukarudi. Haukurudi wote,
si kama tulivyoahidi kwenye maombi ya fedha;
palibaki mkia mfupi, mwembamba, usiofika chini.
Tusekile akasema inatosha, akafunga skafu, akaenda kulala.

Nilibaki na mtungi unaopumua moshi wake wa mwisho.
Bila sababu nikakielekeza kwenye kiti alichokalia.
Mstari ukapanda, ukasimama.
Nikangoja. Haukushuka.
Nikajua nimekosea tena, nikaanza kuhesabu makosa:
gundi, nyaya, haraka yangu ya Ijumaa ile.
Kisha nikanyoosha mkono, nikaupapasa ule ubao.

Kiti kilikuwa bado na joto.